Febronia Aatamia Maharage

Miaka ile kambi ya Lukole, kule Ngara, ilijaa watu kama mchwa kwenye kichuguu. Humo aliishi Febronia na mumewe Minani, mama mkwe wake Kezia, na watoto. Walikuwa wamekimbia vita Burundi.

Siku ya mgao walipata mahindi na maharage. Lakini maharage hayaivi kwa kutazamwa. Yanataka kuni, na kuni za karibu zilikwisha. Minani alikuwa ameumia mguu, hawezi kwenda mbali. Basi Febronia alibadilisha maharage kwa kuni. Leo kibaba, kesho kibaba. Kabla ya mgao mwingine mfuko ulikuwa mtupu, na watoto walilala na uji mwepesi.

"Huu moto unakula kuliko wanangu," alisema Febronia.

Asubuhi moja alifika Bonifasia, mama wa Kihangaza kutoka kijiji cha jirani. Yeye aliwafundisha akina mama wa kambini mambo ya mapishi. Alimkuta Febronia anapuliza kuni mbichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unapika au unalia?"

"Vyote viwili, mama."

Wakacheka. Bonifasia akasema, "Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu haina jiko, vya ndani huiva."

Kezia akajibu kwa sauti kutoka ndani, "Kuku anaatamia mayai!"

"Umepata, mama. Kuku hawashi moto. Ana joto lake, na manyoya ya kulizuia lisitoke. Haya, tuyatafutie maharage kuku wao."

Akawaonyesha. Maharage yalowekwe usiku kucha. Asubuhi yachemshwe sana kwa nusu saa, sufuria ikiwa na mfuniko. Chukua kapu kubwa. Lijaze nyasi kavu na majani makavu ya migomba, chini na pembeni, unene upatao upana wa kiganja. Toa sufuria motoni, iingize humo ikiwa bado inatokota. Juu weka gunia lililojazwa nyasi, kisha blanketi. Iache mpaka alasiri.

"Na msifunue," alisema Bonifasia. "Joto likitoka halirudi. Na chakula kikipoa kabla hamjala, kichemsheni tena, msije mkaumwa tumbo."

Kesho yake Febronia alifanya hivyo. Kezia akapiga makofi. "Njooni muone! Mkwe wangu leo ni kuku, anaatamia maharage!"

Minani hakucheka. "Chakula kinachoiva bila moto? Hicho si cha wachawi?"

Alasiri wakafunua. Jamani, maharage magumu kama changarawe! Kuni za mwisho zikaishia hapo, na watoto wakalia njaa.

Bonifasia alipoambiwa, aliuliza, "Nani alimwinua kuku?"

Wote wakamtazama Kezia.

"Nilifunua kidogo tu," alisema Kezia. "Nilitaka kuona kama yanapumua."

"Mara ngapi, mama?"

Kezia akatazama chini. "Kila nilipopita."

Febronia alitoa kibaba kingine, akapata kuni kidogo. Roho ilimuuma. Safari hii Kezia mwenyewe alikaa karibu na kapu, fimbo mkononi. Hata Minani alifukuzwa.

Alasiri Febronia akaondoa blanketi, akaondoa gunia, akafungua mfuniko. Mvuke ukapanda mpaka kwenye paa. Harufu ikajaa nyumba nzima. Minani akaweka kiganja kwenye majivu ya jiko. Yalikuwa baridi. Akagusa sufuria, akarudisha mkono haraka.

"Yesu na Maria!"

Febronia akabonyeza punje moja kwa vidole. Ikalainika kama ndizi mbivu. Kezia akapiga ishara ya msalaba. Watu wazima wakasimama pale wakitazama maharage, kama watu wanaotazama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Habari ilienea. Minani alijua kusuka tangu kwao, akawasukia majirani makapu. Mmoja alileta viazi, mwingine mboga. Mguu wake mbovu haukumzuia kazi hiyo.

Ikafika siku ya mwisho kabla ya mgao. Febronia alipakua maharage. Binti yake mdogo, Nice, akala, akalamba vidole, akaweka sahani chini. Hakuomba nyongeza. Alikuwa amezoea kutoomba.

"Lete sahani, mwanangu," alisema Febronia. "Yapo."