Upanga Ulioiacha Karatasi Yake

Habsa alikuwa akifukiza kibuyu cha maziwa Dullo wa posta alipobisha hodi. Alikizungusha kijinga cha moto ndani ya kibuyu, akakung'uta majivu, akanusa. Moshi ulikuwepo. Lakini chini ya moshi kulikuwa na harufu ya karafuu, na hii ilikuwa mara ya tatu anakifukiza tangu asubuhi. Karafuu haikuwa imeingia jikoni mwake tangu Idi.

"Salaam aleikum, Mama Robow."

"Aleikum salaam. Ingia, Dullo."

"Siingii. Niko na barua ya rejista ya mzee, imetoka Japani. Weka sahihi, nirudi kabla mkubwa hajajua nimetoka."

"Mzee yuko gereji."

"Sahihi yako inatosha. Si wewe ndiyo serikali ya hii nyumba?"

Habsa hakucheka. Alitia sahihi kwa vidole vyenye masizi, akabaki na bahasha mkononi. Hakuwa mtu wa kufungua barua za mumewe. Lakini bahasha hiyo nayo ilinuka karafuu, na chumbani mtoto alikuwa ameanza kulia kile kilio chake kipya, kifupi, kama cha mtu aliyechomwa.

Sahra alikuwa na siku ishirini na saba. Siku nne zilizopita alikuwa ameamka na mkwaruzo kwenye kisigino, mwembamba kama unywele, ulionyooka, bila damu. Habsa akakata kucha zake mwenyewe. Kesho yake mkwaruzo ulikuwa kwenye goti. Akatupa pini zote za nepi. Siku ya tatu kiunoni, ya nne kifuani. Asubuhi hii ulikuwa begani, umelala kuelekea shingo.

Alimnyonyesha huku akifungua barua kwa meno. Kiingereza cha sekondari kilimtosha.

Iliandikwa na binti wa Mzee Onodera, Mjapani aliyemfundisha mumewe, Awale, upanga jioni za mwaka 1983, Awale alipopelekwa Japani miezi sita kujifunza injini za dizeli. Kwetu, aliandika binti, upanga wa kweli una karatasi ya serikali yenye namba na urefu wake. Karatasi na upanga havitenganishwi, hata ukienda mtaa wa pili tu. Njiani upanga hukaa ndani ya ala, ala ndani ya mfuko, na mfuko hufungwa kamba. Kuutoa nje ya nchi ni lazima kibali. Upanga wa mazoezi, wa madini laini yasiyonoleka, hauhitaji karatasi. Juzi, baada ya kumzika baba, nimefungua mfuko wake. Ndani nimekuta upanga wako wa mazoezi. Karatasi ya upanga wa baba ninayo mimi. Upanga wenyewe uko wapi?

Chini kabisa alikuwa ameongeza maneno kwa wino mwingine. Baba hakuuchomoa kamwe bila kuuinamia na kuuomba ruhusa. Uliwahi kuibwa mara moja, nikiwa mdogo. Nyumba iliyouficha ilikuwa na mtoto mchanga. Kama kwako kuna mtoto, tafadhali usingoje kunijibu.

Habsa aliinama akatazama chini ya kitanda cha Sahra.

Mtoto asiyefikisha siku arobaini hulazwa na chuma karibu, ili majini wasimsogelee. Mama yake Habsa alifanya hivyo, na nyanya yake. Kwa Robow na Idil, watoto wake wakubwa, alikuwa ameweka kisu cha jikoni. Safari hii Awale ndiye aliyemzuia. "Kisu unahitaji kukatia nyama," alisema. "Weka huu upanga wangu. Hauna makali, ni wa mazoezi tu. Chuma ni chuma." Akausukuma chini ya kitanda kwa mguu, na usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu arudi safari, akalala mpaka alfajiri. Habsa alikuwa amemshukuru.

Awale alikuja kula adhuhuri, mikono imejaa grisi. Alipoiona barua, alikaa.

"Ulisema hauna makali," Habsa alimwambia kwa sauti ya chini, maana mtoto alikuwa amesinzia.

"Nilikuwa nasafisha kabati ya mzee siku ya mwisho. Nikabadilisha. Uwanja wa ndege nikaonyesha risiti ya dukani, ya ule wa mazoezi. Hakuna mtu alifungua."

"Sikuulizi uwanja wa ndege. Hukulala miezi miwili ulipofika hapa. Nikasema ni chakula, nikasema ni malaria. Ilikuwa nini?"

Awale alitazama mlango wa chumba. "Kuna sauti. Mzee alinionyesha, kabla ya kuchomoa unausukuma kwanza kwa kidole gumba, unatoka kwa ala kidogo tu. Tk. Kila nikifunga macho, naisikia hapa," akagusa nyuma ya sikio. "Halafu ile harufu ya mafuta ya karafuu, wanapaka upanga usishike kutu. Nikauweka chini ya kitanda kingine. Ikanyamaza."

"Kitanda kingine."

"Habsa, sikujua itamfanya mtoto chochote."

"Ulijua imekuacha. Ulifikiri imeenda wapi?"

Habsa alimtuma Idil akamwite Abiba, mama mzee wa Kiborana wa nyumba ya tatu, ambaye watoto wote wa mtaa walimwita Akko, yaani bibi, na ambaye watu wazima walimtafuta mchana kimyakimya kwa mambo ya namna hii.

Abiba alifika na chetezo chake baada ya alasiri. Hakuuliza mengi. Alimpa Habsa mtoto ampakate, akatia ubani kwenye makaa, akakiweka chetezo katikati ya chumba, na moshi, badala ya kupanda kwenye mabati kama moshi wote wa duniani, ulimwagika ukingoni mwa chetezo kama maziwa yanayofurika, ukashuka sakafuni, ukatambaa kwa mstari mmoja mwembamba mpaka chini ya kitanda, ukaingia ndani ya mfuko mweusi wa upanga ambao kamba yake, Habsa aliona sasa, haikuwa imefungwa, na haukutoka tena, wala makaa hayakuacha kuutoa, na hewa yote ya chumba ikageuka karafuu, mpaka mtoto akakohoa.

Tk.

Wote watatu, Awale akiwa mlangoni, waliisikia.

"Huyu mimi sitoi," Abiba alinong'ona. "Mimi natoa mwenye kuingia. Huyu hakuingia, aliletwa. Alikuwa na kwao, alikuwa na karatasi yake, alikuwa anaombwa ruhusa. Nyinyi mmemchukua kama mbuzi wa wizi."

"Si sisi," Habsa alisema.

Abiba alimgeukia Awale. "Basi wewe. Ufunge mwenyewe, peke yako, kwa maana wewe ndiye ulifungua. Umbebe kwa mkono wako mpaka kwa ofisi ya watu wake Nairobi, na hiyo barua. Usimpe mtu. Njiani atakaa nyuma ya sikio lako tena. Vumilia. Leo, mwanangu. Hii ya bega, mbele yake ni wapi?"

Hakuna aliyetaja shingo.

Awale alijifungia chumbani. Alikaa muda mrefu. Walimsikia akifungua dirisha la nyuma, akilifunga, akikokota kitu. Alipotoka, mfuko ulikuwa umefungwa mafundo saba, ameushika kwa mkono wa kulia, uso wake umelowa jasho. Habsa aliinama tena chini ya kitanda. Hapakuwa na kitu. Alisimama mlangoni mpaka mumewe alipopotea kwenye vumbi la barabara ya Nanyuki.

Kabla jua halijazama alikuwa amerudi, mikono mitupu.

"Duba, yule wa lori, anapeleka ng'ombe Nairobi. Nimempa, na barua. Kesho asubuhi atafikisha."

"Akko alisema usimpe mtu!"

"Niko na gia boksi ya watu imefunguliwa pale gereji, Habsa. Kitu kimetoka kwa nyumba. Unataka nini tena?"

Habsa aliingia chumbani. Kweli kitu kilikuwa kimetoka. Sahra alikuwa amelala bila kushtuka. Alimfunika vizuri, akaenda kupika, kwa sababu watu walihitaji kula. Alitaka kutwanga iliki na vitunguu saumu, akakuta kinu kipo uani, chini ya dirisha la nyuma la chumba, mchi haupo. Akamtuma Idil autafute. Akaponda vitunguu kwa jiwe.

Baada ya magharibi alipakua wali na maharagwe kwenye sinia, akamshikilia Abiba akae ale nao. Akahesabu, kama alivyohesabu kila jioni. Robow. Idil aliyeingia akihema. Abiba. Awale, ameketi mbali na mlango wa chumba. Yeye mwenyewe. Na kitandani, mlango ukiwa wazi, Sahra. Sita. Wote wapo.

"Idil, mchi uko wapi?"

"Sijaona, hooyo. Nimeuliza mpaka kwa majirani. Wanasema mchi haitembei."

Robow alicheka. Abiba aliacha tonge lake hewani.

Habsa alimtazama mumewe. Aliwaza urefu wa mchi ule, na mfuko mweusi ulivyokuwa umenyooka mkononi mwake, bila ule mpindo mdogo wa upanga. Aliwaza dirisha. Aliwaza godoro la mtoto, ambalo hakuwa amelinyanyua, kwa kuwa alitazama chini ya kitanda tu.

Awale alikuwa na macho ya mtu anayejua kwamba usiku wa leo atalala.

Harufu ilikuja kwanza, ikapita juu ya wali. Kisha, kutoka kitandani, tk.

"Kuleni," Awale alisema, bila kuinua kichwa. "Chakula kinapoa."