Mkono wa Mluzi na Mashine ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alifagia karakana ya baba yake. Aliokota vipande vya nondo, akakunja nyaya, kisha akafuta vumbi kwenye mashine ya kuchomelea. Mashine hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwalipia kodi ya nyumba, na baba aliipata kwa kujinyima miaka mingi. "Huyu ndiye ng'ombe wetu wa maziwa," baba yake, fundi wa kuchomelea, alipenda kusema. "Mfute vizuri, mwanangu, asije akatupiga teke."

Jina la Pilipili hakulipata bure. Alikuwa msichana mwembamba wa darasa la sita, lakini ukimchokoza, utajuta. Mama yake alimwonya kila siku, naye kila siku aliitikia "ndiyo, mama", maneno yakaingilia sikio hili na kutokea lile.

Siku moja, wakati wa mapumziko, wanafunzi walipanga foleni kwenye bomba la shule. Mluzi, mtoto wa mwenye bucha, akajipenyeza mbele. Aliitwa Mluzi kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya, na hakuacha kupiga mluzi hata darasani. Alimpiga Pilipili kikumbo, chupa yake ikaanguka, maji yakamwagika. Kisha akampigia mluzi usoni, ule wa kuitia mbwa.

Pilipili alimrukia. Alimtandika kofi, Mluzi akamrudishia ngumi ya mdomo, damu ikamjaa Pilipili kinywani. Wenzao walishangilia badala ya kuwaamua. Pilipili akaukamata mkono wa Mluzi, akauzungushia mgongoni, akamsukuma kwa nguvu zake zote. Mluzi akaangukia ukingo wa saruji. Kila mtu alisikia mfupa ukivunjika, na kelele zote zikakatika.

Mtaani kwao ilikuwa desturi kwamba aliyeumiza ndiye anayelipa hospitali. Ni desturi nzuri, ila mwenye bucha aliigeuza kuwa fimbo. Alimpeleka mwanawe kwenye hospitali ya ghorofa, yenye bustani na makochi mapokezini. "Mpeni chumba cha peke yake," aliagiza. "Chenye televisheni! Analipa fundi, si mimi."

Kesho yake alifika karakanani na bili mkononi. Aproni yake ilikuwa na damu ya nyama, na nyuma yake walisimama vijana wawili wa bucha.

"Fundi, nataka pesa!"

"Jirani, nipe muda. Kiasi hiki sijawahi hata kukiota."

"Basi naondoka na mashine."

Vijana walipoigusa mashine, fundi alinyanyua nondo. Ilimpata mmoja wao begani, naye akapiga yowe. Yule wa pili akaokota jiwe, akalirusha, likampasua fundi paji la uso. Mwenye bucha akamkaba fundi koo, wakabiringishana juu ya chenga za chuma kama watu ambao hawajawahi kuazimana chumvi. Mama alipiga mayowe hadi majirani wakaja kuwatenganisha. Wazee wa mtaa wakaamua kwamba fundi asipolipa kufikia Jumamosi, mashine iuzwe.

Pilipili alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. Aliona damu ya baba yake ikidondokea mashine aliyoifuta asubuhi. Alijichukia. Alitamani mkono uliovunjika ungekuwa wake.

Ijumaa alikuja mtu wa kuitazama mashine. Aliizunguka, akaigongagonga, akataja bei ya kutupa. Fundi, aliyekuwa na bandeji kichwani, alikubali kwa kutikisa kichwa tu. Mchana huo Pilipili alimwomba mama ampeleke hospitali akaombe radhi.

Walimkuta Mluzi kitandani, mkono uko kwenye plasta, televisheni inabwata peke yake. Mama alibaki mlangoni. Pilipili alimpa machungwa, akainama.

"Nisamehe. Unaumwa sana?"

"Siumwi sana. Daktari ameniambia niende nyumbani tangu juzi," Mluzi akasema. "Baba hataki. Anasema nikae mpaka bili iwaume."

"Imeshatuuma. Kesho mashine ya baba inauzwa."

Mluzi aliacha chungwa lake. Alitazama dari, akatazama mlango, kisha akanong'ona, "Na kadi tunayo. Kadi ya bima, ya chama cha wenye bucha. Jina langu limo. Baba anasema kadi yake hailipii kosa la mtoto wa mwenzake."

Kabla Pilipili hajajibu, kishindo kikasikika ukumbini. Fundi alikuwa amekuja kuomba punguzo, akakutana uso kwa uso na mwenye bucha. Tusi moja lilizaa jingine. Pilipili alipotoka, baba yake alikuwa amebanwa ukutani na bandeji imelowa damu. Fundi alijichomoa, akamsukuma mwenye bucha, naye akaingia mgongo mzima kwenye kabati la vioo. Vioo vikamwagika. Mwenye bucha aliinuka huku mkono unachuruzika damu, ameshika kipande cha kioo kama kisu chake cha kazini.

"Baba, acha!" Mluzi alilia akiwa nyuma yao, amevaa gauni la wagonjwa. "Mimi ndiye niliyeanza! Nilimmwagia maji yake!"

"Na mimi ndiye niliyemvunja!" Pilipili akapaza sauti. "Nichomeni mimi! Baba yangu hakumgusa Mluzi! Na kadi ya bima ipo!"

Mwenye bucha alikitazama kile kioo mkononi mwake kana kwamba ndio kwanza anakiona. Akakiachia kikaanguka.

Walinzi waliwapeleka wote kwa afisa ustawi wa jamii, mama mnene mwenye sauti ya upole na macho yasiyocheka ovyo. Muuguzi aliwafunga majeraha huku afisa akiipitia bili mstari kwa mstari.

"Picha ya mfupa imeandikwa mara mbili. Mwanangu, ulipigwa picha ngapi?"

"Moja tu, mama," Mluzi akajibu.

"Hii moja tutaifuta. Dawa hii ina mwenzake wa bei nafuu anayefanya kazi ile ile, nitamwuliza daktari. Mtoto aondoke leo, na plasta akaitolee zahanati ya mtaani. Kadi italipa matibabu. Kitakachobaki kwa fundi, atalipa kidogo kidogo, na tutaandikishana hapa hapa." Akamgeukia mwenye bucha. "Ila kadi hailipii chumba cha televisheni, mzee. Hicho ulikichagua wewe."

Mwenye bucha akatoa pochi yake. "Nitakilipa."

"Na kabati?"

Wanaume wawili walitazamana. "Nusu kwa nusu," fundi akasema, na mwenye bucha akaguna kukubali.

"Wazee wangu," afisa akasema, "mlango wangu uko wazi tangu siku ya kwanza. Bili ikizidi uwezo, njoo uulize, omba mchanganuo, taja bima uliyo nayo. Ngumi haijawahi kupunguza bili hapa. Leo imeongeza kabati."

Jumamosi mnunuzi alikuja akarudi mikono mitupu. Jioni Pilipili aliosha damu iliyokauka kwenye mashine, akiisugua kwa kitambaa mpaka vidole vikamwuma. Baba yake alikaa kando yake juu ya ndoo.

"Baba, nisamehe. Nilikaribia kuuza mashine yako kwa sababu ya maji ya chupa."

Fundi aligusa bandeji yake. "Hata mimi nisamehe, mwanangu. Wewe ulivunja mkono, mimi nikaongeza vioo. Wiki ijayo ninajiunga na bima ya mafundi, maana ugonjwa haupigi hodi. Lakini sikiliza nikuambie. Mkono wa Mluzi ulikuwa na bei, na bei yake tungeiweza. Tusiyoiweza ni hasira. Hiyo ndiyo iliyotaka kula mashine."

Jumatatu, kwenye bomba, mluzi ulisikika nyuma ya Pilipili. Ngumi yake ilijikunja yenyewe. Aligeuka, akamwona Mluzi na plasta yake, anahangaika kufungua chupa kwa mkono mmoja. Pilipili alikunjua vidole, akaipokea ile chupa, akamjazia maji.