Sauti ya Kozi Tisa

Katika mwaka wa tatu wa vita vikuu vya pili, Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza walipokuwa wakigombania jangwa la Libya, kikosi cha Waingereza cha askari sitini wa Afrika Mashariki kiliwekwa kulinda kisima kimoja mbali na bahari. Miongoni mwao alikuwamo Elieza Shekalaghe, mwalimu wa misheni kutoka milima ya Usambara, mtu wa makamo, mpole, aliyejifunza Kidachi utotoni kwa wachungaji. Kwa ajili ya lugha hiyo alipewa kazi ya kukaa handakini mbele ya mtambo wa simu ya upepo, ile redio ya jeshi, visikilizio masikioni, akiandika maneno ya marubani wa adui.

Marubani wale hawakuitana kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Kila mmoja alikuwa na jina la angani: Tai Mbili, Bundi Sita, Kunguru Nne. Baada ya miezi mitatu Elieza aliwatambua wote kwa sauti. Aliyemjua zaidi ni Kozi Tisa, mwenye jina la kozi, yule ndege mwindaji, ambaye alikohoa kidogo kabla ya kujitaja, kisha akasema taratibu kama mtu anayesoma Zaburi.

Asubuhi moja mizinga ya kisimani ilimwangusha. Elieza alimsikia akisema, "Kozi Tisa, naanguka," basi. Sajini Kithome, Mkamba mwenye sauti nzito, alikwenda naye penye mabaki. Rubani alikuwa kijana wa nywele za manjano, amefia kitini, na simu yake imevunjika vipande vipande. Wakamzika palepale, wakapanga mawe juu. Elieza akamsomea sala ya mazishi kwa Kidachi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuisoma.

Siku ya tatu, saa nne za asubuhi, kikohozi kile kikasikika.

"Kozi Tisa anaita kituo. Kituo, nijibuni."

Kalamu ya Elieza ilisimama. Kituo hakikujibu. Marubani wengine waliendelea na mazungumzo yao, wakiifunika sauti ile kana kwamba haipo. Nyuma ya maneno yao injini zilinguruma; nyuma ya maneno yake palikuwa kimya.

Alimwita Kithome, akamweleza, akamvika visikilizio. Sajini alisikiliza muda mrefu.

"Wamempa mtu mwingine jina lake," akasema.

"Jina sawa, Sajini. Na kikohozi je?"

Kithome alichukua askari wawili akaenda kaburini. Mawe yalikuwa kama walivyoyapanga, na mchangani hapakuwa na nyayo zozote ila zao. Jioni ile hakula.

Sauti ilirudi kila siku, saa ileile, ikiomba jibu. Siku ya saba haikuomba.

"Kozi Tisa anawaona wenzake. Ndege kumi na mbili. Wanatoka mashariki, jua mgongoni mwao. Wanakwenda kisimani."

Mashariki ulikuwa upande wa Waingereza, na mizinga yote ilielekea magharibi. Afisa wao alikuwa amekwenda makao makuu. Elieza alitoka handakini mbio, akamweleza Kithome.

"Marubani wengine wanasemaje?" Sajini akauliza.

"Wako kimya."

"Nikiwatoa watu kwa neno la maiti, Mwalimu, nitashtakiwa."

"Na usipowatoa?"

Kithome aliwatazama askari waliokuwa wakijaza mapipa ya maji huku wakitaniana. Akapuliza filimbi. Watu wakakimbilia bonde kavu lililokuwa karibu, na wapiga mizinga wakageuza midomo ya mizinga mashariki. Haikupita robo saa, ndege zikatokea ndani ya mwanga wa jua, kumi na mbili kamili. Mahema yaliteketea, malori yakapinduka. Mpiga mzinga mmoja, Ngumbao wa Rabai, aliuawa. Wengine wote walipona.

Moshi ukiwa bado mzito, Elieza alirudi handakini. Taa ya mtambo ilikuwa ikiwaka.

"Kozi Tisa anaita. Yupo anayenisikia?"

Mtambo ule ulikuwa wa kusikilizia tu. Haukuwa na mahali pa kusemea. Hata hivyo Elieza aliinama, akasema kwa Kidachi, "Kozi Tisa, nimekusikia tangu siku ya kwanza. Pumzika sasa."

Kisha sauti, safari hii bila kukohoa, ikasema, "Nimeelewa, Mwalimu."

Haikusikika tena.

Afisa aliporudi alikagua daftari la Elieza, akakuta mstari wa mwisho: Kozi Tisa, amejibiwa.

"Amejibiwa na nani?"

"Na mimi, Afande."

Afisa alimtazama, akautazama mtambo. Akaichana karatasi ile polepole, akaitia mfukoni, na katika taarifa yake akaandika kwamba walinzi waliona ndege mapema kwa macho yao.