Picha Mbili za Kiatu Kimoja

Mguu wa kulia wa mke wa fundi viatu ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto kwa upana wa vidole vitatu. Mwaka ule walipooana, fundi alimshonea kiatu chenye soli nene. Mkewe akatembea wima. Tangu siku hiyo fundi hakushona viatu vya aina nyingine.

Viatu vyake vilikuwa vizuri, lakini wateja walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Tovuti alikuwa nayo. Watu waliifungua, wakatazama, wakaenda zao. Sasa kiwanda cha viatu cha mji wa mbali kilikuwa kimemwandikia barua kikimtaka kazini, na alitakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Akienda, karakana itafungwa, na mkewe na watoto atawaona mara moja kwa mwaka.

"Shida ni ile picha ya kwenye tovuti," mkewe alimwambia. "Umepiga kiatu kwa mbele. Soli nene haionekani."

"Nimefanya makusudi. Nani anataka mguu wake utangazwe?"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi ndiye ninayevaa, bwana."

"Na mimi ndiye ninayeshona!"

Jirani wa ghorofa ya juu aliingia kuchukua mkoba wake ulioshonwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti.

"Nimewasikia tangu kwenye ngazi," alisema huku akicheka. "Shemeji, mnagombania nini na wenye jibu wapo? Waulizeni wanaofungua tovuti."

"Tutawaulizaje?" fundi aliuliza. "Hatumjui hata mmoja."

"Hatusemi nao. Tunatengeneza kurasa mbili. Mmoja una picha ya mbele, wa pili una picha ya ubavuni. Mtu akifungua tovuti, mtambo unampeleka huku au kule, bila kumchagua. Kurasa zote mbili zinafanya kazi siku zilezile. Halafu tunahesabu. Kwa kila ukurasa, wangapi wamefungua, na wangapi wameandika kuomba kiatu."

Fundi alichangamka. "Basi tubadilishe na rangi, na maneno pia!"

"Hapana. Kitu kimoja tu. Ukitia chumvi na ndimu kwa pamoja, mchuzi ukikolea utajuaje umekolezwa na nini?"

Wakakubaliana wiki tatu.

Siku ya tatu, picha ya mbele ilikuwa imepata walioandika wanne. Ya ubavuni, mmoja. Fundi alipanda ngazi mbio kama kijana.

"Nimeshinda! Funga hesabu."

"Kutangulia si kufika, shemeji," jirani alijibu. "Watu watano ni wachache mno. Hiyo huenda ni bahati tu. Tulisema wiki tatu."

Fundi alishuka akinung'unika. Barua ya kiwanda ilikuwa bado mezani.

Wiki tatu zilipotimia, jirani alifungua kompyuta yake katikati ya vipande vya ngozi.

"Picha ya mbele: waliofungua, mia nne na sita. Walioandika, tisa." Akavuta pumzi. "Ya ubavuni: waliofungua, mia nne na mmoja. Walioandika..." Akaitazama tena kompyuta. "Arobaini na watatu."

Fundi aliweka nyundo chini.

"Na tumebadilisha picha tu?"

"Picha tu. Tofauti kubwa hivi, kwa watu wengi hivi, si bahati."

"Hebu tusomee walivyoandika," mkewe aliomba.

Jirani akasoma. Mmoja alisema, "Nimetafuta miaka sita. Nilipoiona ile soli, nilijua kiatu changu ndicho hiki." Mama mmoja aliandika, "Binti yangu ameitazama picha, akasema, mama, kumbe tuko wengi."

Mwili ulimsisimka fundi. Watu arobaini na watatu, wa miji asiyoijua! Hakuna aliyemjua mwenzake, hakuna aliyeambiwa la kufanya, na kila mmoja peke yake alisimama mbele ya picha ileile. Alistaajabu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Wote hawa walikuwa wapi?"

"Walikuwepo," mkewe alisema kwa upole. "Uliwafichia soli."

Picha ya mbele iliondolewa. Fundi alikiandikia kiwanda kwamba haendi. Mwezi uliofuata karakana ilikuwa na kazi tele, na mkewe ndiye aliyewajibu wateja, maana maswali yao aliyajua.

Jioni moja fundi aliitazama picha ya arusi yao ukutani. Ilikuwa imekatwa kiunoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba mpiga picha aikate, akidhani anamsitiri mkewe. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza.

"Mke wangu, tupige picha nyingine?"

"Na miguu itokee?"

"Wewe unatakaje?"

Mkewe alivaa viatu vyake, akasimama mlangoni, akageuka ubavu.