Mke Mwenza wa Uani

Chupa ya kwanza kunukia asumini ilikuwa ya mvinyo wa Bordo. Ernesti akadhani imeharibika njiani. Akafungua ya Burgundi, asumini. Ya Alsasi nayo asumini tupu, ile inayotungwa kwa uzi ikalaliwa kitandani.

Ernesti ni muuza mvinyo wa Nguvumali, Tanga. Mahoteli ya Pangani humtegemea ayachagulie mvinyo wa Kifaransa, na kazi yake yote iko puani: anazungusha glasi, ananusa, anaonja, anatema kwenye ndoo. Mkewe, Mboni, aligombana na ukoo mzima wa Kidigo ili aolewe na muuza pombe. Leo mwanamume analala naye huku akisema pua yake haipati ila asumini, kama ya mwanamke mwingine. Ungekuwa wewe ungenyamaza?

Mboni alipekua simu, akanusa kola za mashati, hakupata kitu. Magharibi moja akajibanza dirishani amfumanie.

Ernesti alitoka na ndoo, akaumwaga mvinyo aliotema chini ya mkwaju wa uani, hana bismillahi wala samahani, saa ambayo kila mtu wa Tanga anajua humwagi kitu nje bila kuwaomba radhi wasioonekana. Mboni akasikia ardhi inanyonya, taratibu, kama mtoto kwenye ziwa, na harufu ya asumini ikapanda ukutani ikaingia dirishani ikamzunguka shingo, na bangili zikalia pasipo mkono, na mumewe akafumba macho akatabasamu vile alivyokuwa akimtabasamia yeye enzi za uchumba.

Mboni alimpeleka mumewe Pongwe kwa Bi Time, mganga wa Kipemba. Hata shikamoo haijaitikiwa, Ernesti akaanza kutetemeka. Bi Time akamfunika shuka, akamfukiza ubani. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya kike, nyororo.

"Mimi sikujileta. Kila jioni ananinywesha kilichotoka kinywani mwake. Huyo mkewe amewahi kulishwa nini?"

Mboni alilia, maana ilikuwa kweli. Mvinyo yeye hagusi, na tangu harusi Ernesti hajamlisha hata tonge moja. Kumwonea jini wivu, jamani! Lakini alimwonea.

Bi Time akamuuliza jini kwa upole anataka nini ili atoke. Sauti ikajibu itatoka, ila haitoki mikono mitupu. Bi Time akaweka chano cha halua na marashi, akadhani yamekwisha.

Kesho yake Ernesti alinusa Bordo, akapata Bordo. Akacheka, akamkimbilia Mboni aliyejifukiza udi kuanzia asubuhi. Akamnusa nguo, akamnusa shingo, akazamisha pua kwenye nywele zake, akakaa humo muda mrefu mno, kisha akarudi nyuma akimtazama kama mgeni.

"Udi naupata," alinong'ona. "Harufu yako wewe, Mboni, siipati."