Tochi ya Kushika kwa Meno

Kuna watu huchagua tikiti maji kwa kulipiga kofi, wengine huchagua kanga kwa kusoma jina lake. Askari wa doria huchagua tochi kwa kuing'ata. Hilo nilikuwa silijui mpaka yalipomkuta Joyceline, mpangaji mwenzetu wa Ilala, na tangu hapo kitu cha sokoni hakigusi midomo yangu kabla hakijachemshwa. Niiteni mwenye kinyaa, sijali.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Joyceline alimnyonyesha mwanawe Clotilda, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka, akamwachia mama yake mdogo, Victoria, aliyekuwa amekuja kutoka Rombo kumsaidia malezi. Akavaa sare na kutoka kwenda kazini Kariakoo. Kabla ya kuripoti kituoni akapitia Mtaa wa Kongo, maana alitaka tochi yake mwenyewe. Ile ya kituo ilikuwa moja, nene kama chupa ya chai, na ilizimika kila ilipotikiswa.

Sajenti Melkiori, aliyemfundisha kazi, alikuwa na msimamo wake kuhusu tochi. Ya simu haifai, alisema. Ukimpekua mtu, mkono mmoja umemshika yeye na wa pili uko mfukoni mwake. Sasa tochi utaishika na nini? Utaishika na meno. Kwa hiyo tochi ya askari lazima iwe fupi, nyepesi, ienee mdomoni bila kuchosha taya, na isiwe ya bei mbaya maana mshahara ni uleule. "Usilipie tochi hujaing'ata," aliwaambia askari wapya, na wote walikuwa waking'ata. Uchafu mtupu, lakini ndivyo walivyozoea.

Bakili, muuza tochi na chaja, ndiyo kwanza alikuwa anapanga mali yake mezani.

"Karibu afande. Leo wewe ndiye unanifungulia."

Joyceline akatoa kitambaa akaanza kazi. Anafuta, anang'ata, anarudisha. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, ikalia kwa kupasuka alipoibana. Ya pili ilikuwa nene mpaka udenda ukamchuruzika kidevuni, mbele za watu. Kulikuwa na ya kuvaa kichwani, akaikataa, hakutaka kuingia mtaani kama mchimba madini. Bakili alikuwa anacheka, akimwambia kwamba kwa mwendo huo atamaliza meza nzima kabla ya chai.

Ndipo Joyceline akaona boksi chini ya meza. Ndani yake, katikati ya chaja mbovu, kulikuwa na kijitochi cheusi cha chuma, kifupi kama kidole gumba. Akakiokota, akakifuta, akakiweka mdomoni kabla Bakili hajageuka. Kilikaa. Karibu na kitako chake kulikuwa na vishimo vidogo, na meno yake yaliingia humo bila kutafuta.

Bakili akaacha kucheka.

"Afande," akanong'ona. "Hiyo siuzi."

"Haiwaki?"

"Inawaka."

"Basi?" Joyceline akataja bei yake, ndogo ya kutia aibu. "Mimi ndiye nakufungulia leo. Unanifukuza?"

Hapo alimweza. Kariakoo, mteja wa kwanza hafukuzwi. Atataja bei ya ajabu, utanuna, lakini utampa, kwa sababu ukimwacha aondoke mikono mitupu siku nzima imekufa. Bakili alimtazama mdomo, kisha akatazama meza yake iliyojaa mali.

"Haya chukua. Ila usiirudishe mdomoni."

"Kwa nini?"

"Ni chafu tu, dada yangu."

Hela ya kufungulia hugusishwa kwenye bidhaa, wengine huigusisha mpaka kwenye paji la uso, ili baraka ienee. Bakili aliipokea kwa ncha za vidole viwili na kuiacha ianguke kwenye boksi la chaja mbovu. Joyceline aliliona hilo, akaona ni kununa kwa kawaida kwa mfanyabiashara aliyebanwa.

Mchana Sajenti Melkiori alimchukua kwenda kupekua stoo moja chini ya jengo la zamani, walikosikia kuna simu za wizi. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nje kulikuwa na jua la kuunguza, lakini ukishuka zile ngazi ulikuwa huoni hata mkono wako. Mtunza stoo alikuwa mzee wa heshima zake, mwenye kanzu na kofia.

"Shikamoo mzee," wakasema.

"Marahaba, wanangu. Pekueni tu."

Joyceline akawasha tochi, akaibana kwa meno, akaanza kufungua maboksi. Mwanga ulikuwa mzuri kweli, mweupe na mkali. Sajenti alimsifia. Kisha ikaja ladha.

Mwanzoni ilikuwa ya chuma tu. Halafu ikawa tamu, utamu wa jino bovu lililotoboka likahifadhi chakula cha wiki iliyopita. Akataka kutema. Mate yakajaa mdomoni, mazito, ya moto, na alijua si yake. Mtu anayajua mate yake. Haya yalikuwa na harufu ya tumbaku, na Joyceline hajawahi kuvuta hata siku moja.

Akataka kuitoa tochi. Taya zilikataa.

"Hakuna kitu huku, afande," mzee alimwambia Sajenti, akatabasamu. Katika tabasamu lile kuliangaza jino la dhahabu.

Shingo ya Joyceline ikageuka. Hakuigeuza yeye. Mwanga ukatua kwenye mdomo wa mzee na kubaki hapohapo. Miguu ikamsogeza. Mkono wa kushoto ukamshika mzee kidevu, taratibu, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo miaka. Wa kulia ukaingia mdomoni. Vidole vikapita juu ya ulimi. Vikapapasa fizi, laini, zenye utelezi. Vikalikuta jino. Vikalibana. Vikalitikisa.

Jino lililegea.

Joyceline alikuwa analia. Hakuweza kupiga kelele, mdomo ulikuwa umejaa. Udenda wa mzee ulimtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Sajenti Melkiori akamkamata kiunoni akamvuta, wote wawili wakaangukia maboksi. Tochi ikamtoka ikabiringika chini. Sajenti akaiokota, akaizima, akamtumbukizia mfukoni.

"Unatafuta nini mdomoni mwa mzee wa watu?" alinong'ona.

"Sijui, afande. Haki ya Mungu, sijui."

Mzee alifuta midomo yake kwa pindo la kanzu. Hakukasirika. Alirudi nyuma mpaka ukutani na kusema kwa sauti ndogo, "Mng'oa meno ya dhahabu niliwahi kumsikia. Lakini huyo walisema amekufa."

Sajenti alimruhusu aende nyumbani. Njia nzima Joyceline alitema mate kama mjamzito, watu wakimpisha. Hakuwa anawaza kazi. Alikuwa anamuwaza Clotilda. Mdomo huu ndio unaompulizia uji upoe. Mdomo huu ndio unaombusu. Aliapa hatamsogelea mtoto mpaka ajisugue atakate.

Alipofika alitundika shati la sare kwenye msumari nyuma ya mlango, akachukua mswaki, chumvi na ndimu, akakimbilia bombani uani. Alisugua mpaka fizi zikatoa damu. Alisukutua, akatema, akasugua tena. Katika kutema kukatoka kitu kikagonga sakafu. Kilikuwa kipande cha ukoga wa meno, cha kahawia, kigumu, kikubwa kama punje ya mchele. Joyceline alijipapasa meno yote kwa ulimi. Meno yake yalikuwa safi.

Akatapika palepale bombani. Mimi nilikuwa naanika nguo, nikaona, na chakula cha jioni sikula.

Aliporudi ndani, Victoria alikuwa anapeta mchele huku akiimba wimbo wa kanisani. Clotilda alikuwa amekaa mkekani, ametulia tuli. Mashavu yake yalikuwa mekundu, yanawaka. Yalikuwa yanawaka kweli. Mwanga ulikuwa unatokea ndani.

"Nimempa agugune," Victoria alisema. "Fizi zinamuwasha. Nilikitoa mfukoni mwako, nikakiosha. Tangu nimempa hajalia hata kidogo."

Joyceline aliruka. Akakishika kitako cha tochi, akavuta. Hakikutoka. Mtoto asiye na jino hata moja, fizi tupu, na hakikutoka. Clotilda alikuwa anamtazama. Hakulia. Mikono yake midogo ilikuwa imenyooshwa mbele, vidole gumba na vya shahada vinabana hewa, vinatikisa.

"Mwachie," Joyceline alinong'ona. "Nakuomba. Huyu mwachie."

Tochi ikalegea yenyewe, ikamwangukia kiganjani, imelowa mate ya moto. Clotilda akacheka, akataka anyonye. Joyceline akampa Victoria amnyweshe uji.

Tochi aliitupa chooni. Chetu ni cha shimo, nyumba nzima tunakitumia. Ilizama ikiwa inawaka, na yaliyomo mle yalionekana yote, kila kitu na rangi yake. Hatukuingia tena choo kile. Tulikuwa tunaomba kwa majirani, tukisingizia kimejaa.

Kulipokucha alikuwa kwa Bakili. Bakili alipomwona anakuja hakumsalimia. Alijua. Akamsogezea ndoo akae, akaanza kusema huku anapanga chaja, hamtazami.

Tochi ilikuwa ya mtu aliyekuwa anapanga naye chumba, aliyeitwa Beno. Beno alikuwa anafyeka majani makaburini mchana, na kila palipozikwa mtu mwenye jino la dhahabu yeye alijua. Usiku alikuwa anarudi. Anafukua upande wa kichwa tu, anajilaza kifudifudi, anaingiza mikono shimoni. Tochi alikuwa anaishika kwa meno. Siku moja walimkuta asubuhi, kichwa kimeingia kaburini, ameshakufa, tochi mdomoni bado inawaka. Waliomwosha walishindwa kuitoa. Taya zilikuwa zimekufa zimebana. Ikabidi atafutwe mtu mwenye koleo.

"Ilitoka na meno," Bakili alisema. "Nikapewa mimi, niliyekuwa naishi naye. Meno nikayang'oa kwenye chuma, nikaosha kwa sabuni."

"Ukaitia kwenye mali yako?"

"Niliiweka boksini, afande. Si uliichukua mwenyewe? Ilikuwa nzima. Inawaka."

Inawaka! Jamani. Tochi imetolewa kinywani mwa maiti, imetumika vinywani mwa maiti, na mtu anaitunza kwa sababu inawaka. Mpaka leo nikipita Mtaa wa Kongo nikaona meza yake naikunjia uso, na nikikumbuka kwamba aliiosha kwa sabuni ileile anayoogea natema mate.

Joyceline hakuwa na nguvu za kugomba. Alikaa kwenye ndoo, mikono mapajani. Bakili akamuuliza polepole, "Kuna mwingine aliyeiweka mdomoni?"

"Mwanangu."

Bakili akaacha kupanga chaja. Akaanza kurudisha mali yake kwenye mabegi, asubuhi ile, hajauza hata kimoja.

Walikwenda kwa padri, akambariki mtoto kwa maji. Walikwenda hospitali, daktari akamchungulia koo akasema ni mzima. Na alikuwa mzima. Alikuwa anakunywa uji, anacheza, anaongezeka uzito. Victoria alianza kusema kwamba mengine ni mawazo tu ya mtu aliyechoka na kazi. Joyceline akaanza kulala. Akarudi kumnyonyesha, maana mtoto alikuwa anamlilia na matiti yalikuwa yanamuuma kwa kujaa.

Jumapili moja walikuwa wanajiandaa kwenda kanisani. Victoria alikuwa anamlisha Clotilda uji, mimi nimekaa mlangoni nasukwa. Tukasikia kijiko kimegonga kitu. Ti.

"Jino!" Victoria akapiga vigelegele. "Mama Clotilda, njoo uone, mwanao kaota jino!"

Joyceline alikuja mbio, anacheka, hereni moja imevaliwa na nyingine bado iko mkononi. Akamshusha mtoto mdomo wa chini kwa kidole. Sote tukainama.

Kwanza ilikuja harufu.

Jino lilikuwa limetoka lote, limesimama katikati ya ufizi wa waridi. Lilikuwa la kahawia. Juu limesagika likawa bapa, kama jino la mtu aliyetafuna kwa miaka mingi. Ubavuni lilikuwa na tundu jeusi, na tunduni kulikuwa na uzi wa nyama.

Clotilda hajawahi kupewa nyama.

Victoria aliweka kijiko chini. Mtoto alitutazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia mama yake, akamshika blauzi ya kanisani kwa mikono yote miwili, akaanza kulia njaa. Alilia kilio chake kilekile cha siku zote. Joyceline aliiweka mezani ile hereni ya mkononi. Halafu akaketi kitandani na kuanza kufungua vifungo.