Nilifukuzwa Nyumbani kwa Kosa la Kunong'ona

"Toka! Enda ukanong'one na huyo bwana yako!"

Huyo ni mume wangu Maweu, mchana kweupe, mbele ya karakana ya fundi Githongo hapa Kitengela. Watu wamejaa kutazama. Nguo zangu ziko kwa gunia, gunia liko kwa matope.

Sasa nyinyi hamnijui, wacha niwaambie. Mimi Nzembi sijawahi kunong'ona tangu nizaliwe. Nikiuza nyanya, mtu aliye ng'ambo ya barabara anajua bei. Kwaya ya kanisa walinihamisha nyuma kabisa, karibu na mlango.

Na ndio mimi huyo nafukuzwa kwa kunong'ona...

Ilianza 2003. Ploti zilikuwa zinauzwa huku kama mandazi, na kila ploti iko na migunga ya kukatwa kabla mtu ajenge. Maweu alikuwa na msumeno wa petroli, ule tunaita pawa. Kazi ilikuwa na ushindani mbaya. Ukimaliza ploti haraka, jirani anakuita yake. Ukichelewa, anaita mwingine.

Maweu alitaka tuache kupanga tujenge yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa ndoto, na niliipenda kama yeye.

Githongo, fundi wa kuchomelea, alikuwa ametengeneza pikipiki za mashindano kabla ya kuja Kitengela. Alishika ile ekzosi ya pawa, akacheka.

"Hii sailensa ya kiwanda inakaba mashine," alisema. "Wacha nikuundie bomba ya hesabu."

"Hesabu gani?" Maweu akauliza.

"Moshi ukitoka unapiga mwisho wa bomba, unarudi. Ukirudi kwa wakati wake, unasukuma ndani petroli iliyotaka kutoroka. Mashine inapata nguvu ya bure."

"Na ukirudi mapema?"

"Inakohoa tu."

Wakakata bati la mlango wa gari kuukuu, wakalikunja vipande vipande na kuvichomelea. Ikatoka kitu ya ajabu: shingo nyembamba, tumbo nene, halafu inakonda tena mpaka mkia mdogo. Kama nyoka aliyemeza kuku, haki ya Mungu.

Shida ilikuwa urefu wa shingo. Hakukuwa na kipimo cha kujua. Githongo aliifanya ndefu makusudi, akawa anakata kidogo, anachomelea, wanawasha, wanajaribu kwa gogo. Anakata tena kidogo.

Na kipimo chao kilikuwa sikio la Maweu. Alikuwa anainama karibu na ule mkia, mashine imefunguliwa mpaka mwisho, anasikiliza mahali sauti inabadilika.

"Bado," anasema. "Toa kidogo."

Siku baada ya siku. Mimi nilikuwa nawaletea chai, naziba masikio kwa leso, nawacheka kwamba wanazaa mtoto.

Siku bomba iliposhika, pawa ilipiga kelele kali mpaka mbuzi wa jirani yetu Lesiamon wakaruka ua. Gogo la mgunga lilikatika kama mkate. Maweu alinikumbatia mbele ya watu, kitu hajawahi kufanya.

Tulipata kazi kuanzia Kitengela mpaka Isinya. Tukanunua ploti. Nikajua Mungu ametukumbuka.

Halafu mume wangu akaanza kubadilika.

"Mbona unaongea chini chini?" aliniuliza siku moja.

"Mimi? Chini?"

"Unaona! Ukiwa na Githongo mnaongea vizuri. Nikikuja, unanong'ona."

Nikadhani ni utani. Haukuwa utani. Nikimpelekea Githongo kitu cha kuchomelea, Maweu anasimama mlangoni ananitazama mdomo.

Shida ni hii. Githongo ako na sauti nzito, inatoka tumboni. Maweu alikuwa anamsikia yeye akisema, "Sawa, kesho," ama, "Usijali, mama Mukai," kwa jina la mtoto wetu. Maneno yangu mimi hayapati. Hebu fikiria ungekuwa yeye. Mwanaume anamwambia bibi yako "sawa, kesho", na bibi anajibu kwa siri...

Kazi nayo ikapungua. Akasema Githongo amemwibia wateja na sasa anamwibia bibi.

Ndio nikatupiwa gunia.

Nilienda kwa dada yangu Rongai. Nililia mpaka nikachoka. Baada ya kitambo nikarudi kuchukua vyombo vyangu, nimejipanga kumtukana vizuri.

Nikamkuta amekaa mezani, ananipa mgongo. Simu yake iko hapo kando ya mkono wake.

Inalia.

Ilikuwa ile milio ya kitambo, nyembamba, ya kutoboa kichwa. Ikalia mpaka ikakata. Ikalia tena. Maweu anatazama ukuta.

"Baba Mukai, simu."

Hata hakugeuka.

Nikaja mbele yake, nikaichukua, nikamwonyesha ikiwaka taa.

"Ni nani?" akasema. "Hakuna mtu hunipigia siku hizi."

Nikamwekea kwa sikio, ikiwa bado inalia. Akangoja. Akanitazama.

"Weka sauti."

Niliketi chini, jamani. Wateja hawakuwa wameibiwa na mtu. Walipiga simu wakachoka.

Nilimwonyesha kwa mkono, sikio lake, simu, sikio lake. Alielewa polepole. Aliweka mikono juu ya meza.

Kule Kajiado daktari alimpima, akaniambia mimi, kwa sababu Maweu hangemsikia. Kelele ya ile bomba ndiyo ilimwua masikio. Sauti nyembamba ndizo hufa kwanza: simu, ndege, watoto, wanawake. Nzito zinabaki, halafu nazo zinafuata. Na zikienda hazirudi.

Nilimwomba Githongo arudishe ile sailensa ya kiwanda, angalau tuokoe sauti zilizobaki. Githongo alikuwa analia akifungua zile skrubu. Maweu alimshika mkono.

"Wacha," akasema, kwa sauti kubwa kama mtu aliye mbali. "Mukai simsikii. Nzembi namwona mdomo tu. Hiyo bomba ndiyo bado nasikia."

Githongo akanitazama. Alizifunga skrubu tena.

Wewe unayesoma, mtu wako akikwambia umebadilika, huongei naye siku hizi, usikimbilie kuapa na kurusha maneno. Mimi niliapa miezi mingi, kwa sauti yangu yote, kwa mtu ambaye hakusikia hata neno moja.

Tulijenga hiyo ploti. Vyumba vitatu, mabati mapya. Mvua ikinyesha usiku huwa naamka nasikiliza, halafu namtazama amelala.